Kinyozi hajinyoi: Watathmini vijana wa miradi ya kilimo wanavyonoana wenyewe kwa wenyewe

WAHENGA walisema kinyozi hajinyoi. Hata awe fundi anayetegemewa na mtaa mzima, siku nywele zake zikirefuka hana budi kukaa kwenye kiti cha mwenzake na kuinamisha kichwa.

Msemo huo unawahusu pia watu ambao wakulima wengi wamewahi kuwaona wakishuka kwenye gari la mradi, dodoso mkononi, wengine siku hizi wakiandika majibu moja kwa moja kwenye simu. Hao wanafanya kazi ya tathmini, yaani kupima kama mradi uliotumia fedha umefanya kile ulichoahidi.

Kazi ya mtathmini ni kuwapima wengine. Lakini yeye mwenyewe anapimwa na nani? Na hasa kijana aliyetoka chuoni jana na juzi, nani anamfundisha kazi ambayo darasani aliisoma kwa nadharia tu?

Swali hilo si la wasomi peke yao. Ripoti ya mtathmini inaweza kuamua kama mradi wa mbegu utaendelea, kama skimu ya umwagiliaji itaongezewa mfereji, au kama mfadhili atafungasha virago. Ripoti ikikosea, aliyeiandika ameshalipwa na ameshaondoka. Anayebaki na hasara ni mkulima.

Mojawapo ya njia zinazotumiwa kuziba pengo hilo ni vikundi rika vya kulea taaluma. Ni vikundi vidogo vya watathmini walio katika ngazi moja ya kazi, ambao hukutana kwa ratiba. Kila mmoja huleta jambo linalomtatiza kazini, na wenzake humsaidia kuliangalia upya. Hakuna bosi, hakuna mwalimu wala cheti.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha VICOBA, wazo hilo si geni. Humo ndani wanachama hugawanywa katika vikundi vya watu watano watano, wanaofahamiana na kudhaminiana. Mmoja akiyumba kwenye marejesho, wale wanne ndio wa kwanza kujua na wa kwanza kumuuliza. Tofauti ni kwamba watathmini hawadhaminiani fedha. Wanadhaminiana ukweli wa kazi.

Njia panda ya kijana mwenye digrii

Taaluma ya tathmini bado ni changa barani Afrika. Chama cha Tathmini cha Afrika (AfrEA) kilizaliwa mwaka 1999 jijini Nairobi. Tangu hapo vyama vya kitaifa vimeota katika nchi nyingi, ikiwa ni pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda.

Desemba 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzijengea nchi uwezo wa kufanya tathmini za maendeleo zenyewe. Mwaka 2015 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Tathmini. Novemba mwaka huo, katika mkutano uliofanyika Kathmandu, Nepal, ulizinduliwa mtandao wa watathmini vijana uitwao EvalYouth, ambao baadaye ulianzisha pia mpango wa kuwaunganisha wanaoanza kazi na wazoefu.

Sababu ya kuwafikiria vijana ilikuwa wazi. Matangazo ya zabuni za tathmini kwa kawaida hudai uzoefu wa miaka 5, 7 au hata 10. Kijana mwenye shahada ya uchumi kilimo au takwimu hana miaka hiyo. Anachoweza kupata ni kibarua cha udodosaji: kuzunguka vijijini kwa wiki mbili au tatu, kuuliza maswali aliyoandikiwa na mtu mwingine, kisha kukabidhi majibu ambayo hatayaona tena.

Akibahatika kupata ajira ya afisa ufuatiliaji na tathmini kwenye shirika dogo, mara nyingi anajikuta yuko peke yake. Meneja wake ni mtu wa kilimo au wa fedha. Mhasibu ana mhasibu mkuu wa kumuuliza, bwana shamba ana bwana shamba wa wilaya, lakini yeye hana. Anajifunza kwa kukosea, na makosa yake yanaingia kwenye ripoti.

Kumpata mlezi mzoefu ndiyo njia inayojulikana zaidi, lakini wazoefu ni wachache na shughuli zao ni nyingi. Mshauri mwelekezi anayeruka kutoka Dodoma kwenda Kigali hana saa ya kumwelekeza kijana kila mwezi. Tena yapo mambo ambayo kijana hawezi kumwambia mkubwa. Ni vigumu kumweleza mtu ambaye kesho anaweza kukupa kazi kwamba hujui namna ya kuchagua sampuli.

Kwa mwenzake wa rika moja anaweza. Wote wako kwenye mtumbwi mmoja.

Magunia manne au gunia moja?

Faida ya kikundi cha aina hii inaonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Chukua mfano ufuatao, ambao ni wa kufundishia tu, lakini makosa yake ni yale yanayojulikana sana katika fani hii.

Kijana amepewa kazi ya kupima mradi wa mbegu bora za mahindi na mbolea katika kata moja. Anawatembelea wakulima 120 walioingia kwenye mradi. Wanamwambia kwamba kabla ya mradi walivuna wastani wa magunia 6 kwa ekari. Msimu huu wamevuna 10. Anaandika: mradi umeongeza mavuno kwa magunia 4 kwa ekari.

Anapiga hesabu ya faida. Gunia ni sh 60,000, kwa hiyo magunia 4 ni sh 240,000. Gharama ya ziada ya mbegu na mbolea ni sh 90,000 kwa ekari. Faida inabaki sh 150,000. Ripoti inapendekeza wakulima wote wa kata wakopeshwe pembejeo hizo.

Kabla ya kuikabidhi, anaipeleka kwenye kikundi chake. Wenzake sita wanaisoma. Mmoja wao, ambaye kazi yake ni tathmini ya miradi ya maji na hajui lolote kuhusu mahindi, anamuuliza swali moja: "Ndugu yetu, jirani zao ambao hawakuingia kwenye mradi walivuna kiasi gani?"

Kijana hajui, kwa kuwa hakuwauliza. Anarudi kijijini kwa siku tatu na kupita kwa majirani. Wao nao walikuwa wakivuna magunia 6. Msimu huu wamevuna 9, bila mbegu wala mbolea ya mradi. Sababu ni mvua, ambayo mwaka huo ilinyesha vizuri na kwa wakati.

Hesabu yote inageuka. Kati ya magunia 4 yaliyoongezeka, 3 yaliletwa na mvua. Mradi umeleta gunia 1, yaani sh 60,000, kwa gharama ya sh 90,000. Badala ya faida ya sh 150,000 kwa ekari, mkulima amepata hasara ya sh 30,000.

Katika kata yenye kaya 500 ambazo kila moja ingekopeshwa pembejeo za ekari moja kwa kuamini ripoti ile ya kwanza, hasara ingekuwa sh milioni 15 kwa msimu wenye mavuno na bei kama hizo. Mkopo wa pembejeo unarejeshwa, mradi uwe umefanikiwa au umeshindwa. Palepale ndipo mbuzi anapouzwa na mtoto anaporudishwa shuleni kwa kukosa mchango.

Mwenzake wa pili naye ana swali. Je, walioingia kwenye mradi walichaguliwaje? Kama waliingia wale wenye ng'ombe wa kulimia na mashamba ya bondeni, huenda hata lile gunia 1 halikuletwa na mbegu. Wa tatu anauliza kinyume chake: kama mbegu ile ni ya kuhimili ukame, je, ni haki kuipima kwa msimu mmoja ambao mvua ilikuwa nzuri? Huenda faida yake ingeonekana mwaka wa njaa.

Katika wote hao hakuna bingwa aliyempa kijana jibu. Walimpa maswali, nayo yalitosha kumzuia asiweke saini yake chini ya hesabu iliyopotoka.

Makosa ya wakubwa pia

Isidhaniwe kwamba makosa ya namna hii ni ya vijana peke yao. Mei 2012, watafiti wa Mradi wa Vijiji vya Milenia, uliokuwa na vituo katika nchi kadhaa za Afrika ikiwa ni pamoja na Sauri nchini Kenya na Mbola mkoani Tabora, walichapisha matokeo yao katika jarida la kitabibu la The Lancet la Uingereza. Walieleza kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 katika vijiji vya mradi vilikuwa vikipungua kwa kasi ya mara 3 kuliko vijijini kwingine katika nchi hizo.

Watafiti wengine waliisoma hesabu hiyo na kuonyesha kwamba ulinganisho ule haukuwa sahihi, kwa sababu miaka iliyolinganishwa haikuwa ileile. Vifo vilikuwa vikipungua kwa kasi hata nje ya vijiji vya mradi. Waandishi walikiri kosa na kulifuta dai hilo mwezi huohuo.

Kabla ya hapo, wachumi wawili walikuwa wameshatoa angalizo kuhusu mradi huohuo kwa mfano ambao kila mfanyabiashara wa vocha anauelewa. Idadi ya watu wenye simu za mkononi katika kijiji cha mradi nchini Kenya ilikuwa imepanda sana. Lakini ilikuwa imepanda vilevile katika maeneo mengine ya vijijini nchini humo. Mradi haukuleta simu. Simu zilikuwa zinakuja zenyewe.

Hao walikuwa watafiti wa vyuo vikubwa, na kosa liligunduliwa baada ya kuchapishwa, mbele ya dunia nzima. Kikundi rika kinataka kosa kama hilo ligunduliwe mapema zaidi, mezani, mbele ya watu saba wanaokutakia heri.

Shamba darasa ni ndugu yake

Kujifunza kwa kukaa na wenzako si uvumbuzi wa watathmini. Mwingereza Reg Revans, aliyesomea fizikia Cambridge, aliitumia njia hiyo katika miaka ya 1940 kwenye migodi ya makaa ya mawe ya nchi yake. Badala ya kuwaletea mameneja wahadhiri, aliwakusanya katika vikundi vidogo, wakatembeleana migodini na kuulizana kuhusu matatizo halisi waliyokuwa nayo. Aliamini kwamba mtu hujifunza haraka zaidi akiulizwa swali zuri na mtu mwenye tatizo kama lake.

Mwaka 1985, watafiti Kathy Kram na Lynn Isabella wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu nafasi ya wenzi wa kazi katika kukua kwa mtu kikazi. Waliwaona wenzi wa aina tatu: wa kupeana habari, wa kusaidiana kikazi na kuambiana ukweli, na wachache sana ambao mtu huweza kuwafungulia moyo. Walionyesha kwamba wenzi hao wanaweza kutoa sehemu kubwa ya kile ambacho mtu angekitarajia kwa mlezi mkubwa, tena kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa mkubwa hustaafu au huhama.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa kurasa hizi ni shamba darasa. Njia hiyo ilianza mwaka 1989 nchini Indonesia chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), kwa wakulima wa mpunga waliokuwa wakisumbuliwa na wadudu walioshindikana kwa dawa. Wakulima walikutana shambani kila wiki, wakahesabu wadudu waharibifu na wadudu marafiki, wakajadiliana na kuamua wenyewe kama kuna haja ya kupiga dawa.

Kuanzia mwaka 1999, kwa fedha za Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), mashamba darasa yalienezwa Kenya, Uganda na Tanzania, ambako mkoa wa Kagera ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo.

Ndani ya shamba darasa wakulima hupanda vishamba viwili bega kwa bega: kimoja kwa desturi yao, kingine kwa mbinu mpya. Udongo uleule na mvua ileile. Tofauti ikionekana, haina pa kujificha. Swali lile la "jirani alivuna kiasi gani?" lililomtoa jasho kijana msomi, mwanakikundi wa shamba darasa analijua tangu wiki ya kwanza.

Mashamba darasa yenyewe pia yamepimwa, na majibu hayakufanana. Utafiti wa wachumi wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2004, uliotumia takwimu za Indonesia za kati ya mwaka 1991 na 1999, haukuona ongezeko la maana la mavuno wala kupungua kwa dawa. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba kushiriki shamba darasa kuliongeza kipato kwa asilimia 61, na kwamba wanawake na wenye elimu ndogo walikuwa miongoni mwa walionufaika. Hata hivyo, matokeo yalitofautiana kati ya nchi moja na nyingine.

Je, nani mkweli? Inawezekana wote. Nchi ni tofauti, mazao ni tofauti, miaka ni tofauti na njia ya kulinganisha ni tofauti. Mtathmini anayesoma ripoti moja tu na kuifanya msahafu atawapotosha watu. Anayekaa na wenzake waliosoma ripoti nyingine hujifunza kuuliza: ilifanya kazi wapi, kwa nani, na ikilinganishwa na nini?

Kikundi kinavyoendeshwa

Kuanzisha kikundi rika hakuhitaji mfadhili, lakini kunahitaji nidhamu. Uzoefu wa njia hii katika taaluma mbalimbali unaonyesha mambo matano ambayo yakikosekana kikundi hufa.

Kwanza, idadi. Watu 5 hadi 8 wanatosha. Wakipungua hapo, wawili wakisafiri kikao hakipo. Wakizidi, wapo watakaokaa kimya mwaka mzima. Ni vema watoke maeneo tofauti: wa kilimo, wa afya, wa maji, wa elimu. Mtu asiyejua fani yako ndiye anayeuliza swali ambalo wewe uliacha kujiuliza.

Pili, ratiba. Siku moja kila mwezi, saa moja na nusu, tarehe ikijulikana tangu mwanzo wa mwaka. Walio mikoani huungana kwa simu au intaneti. Mwenyekiti hubadilika kila kikao, ili kikundi kisije kikawa mali ya mtu mmoja.

Tatu, kila kikao kiwe na mwenye jambo. Huyo huandika ukurasa mmoja: kazi ni ipi, amekwama wapi, anataka kusaidiwa nini. Hueleza kwa dakika kumi. Kisha wenzake huuliza maswali tu, bila kutoa ushauri. Ushauri huja mwishoni, na mwenye jambo hufunga kwa kusema atafanya nini kabla ya kikao kijacho. Kikao kinachofuata huanza kwa kumuuliza kama amefanya.

Sehemu hiyo ya maswali bila ushauri ndiyo ngumu kuliko zote. Watu waliosoma hupenda kutoa majibu. Lakini jibu linalotolewa kabla tatizo halijaeleweka ni sawa na kupiga dawa kabla ya kuhesabu wadudu.

Nne, siri. Yanayosemwa ndani yabaki ndani. Jina la mradi, la mteja au la kijiji lisitajwe pale ambapo mkataba unakataza, na majibu ya mkulima mmoja mmoja yasionyeshwe kwa mtu yeyote. Mkulima aliyetaja deni lake kwa mdodosaji hakuridhia lijadiliwe mezani na watu saba.

Tano, muda wa mwisho. Kikundi kikubaliane kukutana kwa mwaka mmoja, kisha kijipime: nani amefaidika na nini, nani hajafaidika, kiendelee au kivunjwe. Watathmini wasiojitathmini wangekuwa kichekesho.

Habari mbaya husemwaje?

Yapo matatizo ambayo hayamo kwenye vitabu vya takwimu. Katika mfano ule wa mahindi, kijana anaporudi ofisini na hesabu mpya, meneja wa mradi anamwambia kwa upole aiondoe jedwali la majirani. Mfadhili anakuja mwezi ujao. Mkataba wa kijana nao unakwisha mwezi ujao.

Afanye nini? Akiifuta, ameuza jina lake. Akipiga kelele, huenda akakosa kazi na bado ripoti ikabadilishwa.

Hapa ndipo kikundi kina thamani kuliko kozi yoyote. Katika watu saba, ni rahisi kumpata mmoja aliyewahi kuwekwa kwenye kona hiyo. Anaweza kumshauri amwone meneja kabla ripoti haijawa rasmi, jedwali libaki, lakini lifuatane na njia ya kutokea. Kwa mfano, wakulima wakinunua mbegu na mbolea kwa pamoja kupitia chama chao cha ushirika na gharama ikashuka kutoka sh 90,000 hadi sh 50,000 kwa ekari, lile gunia 1 la sh 60,000 linaacha faida ya sh 10,000. Ni ndogo, lakini si hasara. Na kama msimu wa ukame ukionyesha kwamba mbegu inahimili, faida itakuwa kubwa zaidi.

Habari mbaya imegeuka kuwa ushauri. Meneja ana cha kumwambia mfadhili, mkulima hakuingizwa kwenye deni, na kijana amelinda jina lake. Si kila mara mambo huisha hivyo, na wapo wanaopoteza mkataba kwa kusema kweli. Lakini aliyejadiliana na wenzake kwanza huenda kwa meneja akiwa amejipanga.

Kipofu kumwongoza kipofu?

Wako wanaoitilia shaka njia hii. Hoja yao ni kwamba wasiojua wakikaa pamoja watabaki kutojua, na pengine watajazana makosa kwa kujiamini zaidi.

Hoja hiyo ina uzito. Kikundi cha watu ambao wote hawajui kanuni za kuchagua sampuli hakitazigundua kwa mazungumzo. Ndiyo maana ni vema kikundi kimwalike mzoefu mara kwa mara, si kutoa hotuba, bali kusikiliza na kusahihisha. Mzoefu ambaye hana muda wa kumlea kijana mmoja mmoja anaweza kutoa saa mbili kwa vijana saba kwa mkupuo.

Hatari ya pili ni ushindani. Wanakikundi wanawinda zabuni zilezile. Anayeeleza mbinu yake leo anaweza kuikuta kwenye andiko la mwenzake kesho. Dawa yake ni kukubaliana mapema kwamba zabuni iliyo wazi haijadiliwi, na kwamba mwenye maslahi kwenye jambo lililoletwa hutoka nje.

Hatari ya tatu ni kikundi kugeuka baraza la malalamiko. Mishahara midogo na mabosi wakali ni mambo ya kweli, lakini kikao kinachoishia hapo hakimsaidii mtu. Ukurasa mmoja ulioandikwa kabla ya kikao ndio unaokirudisha kikao kwenye mstari.

Mkulima naye ana sehemu yake

Mkulima na mfanyabiashara mdogo wanaweza kusema kwamba hayo yote ni mambo ya maofisini. Sivyo. Tathmini huanza na jibu lao, na jibu likiwa bovu hakuna kikundi kitakacholiponya.

Anayekuja kudodosa aulizwe ametumwa na nani, majibu yatatumika kwa kazi gani, na matokeo yatarudi kijijini lini. Mdodosaji mzuri hachukizwi na maswali hayo. Mama anayemwambia, "Mwanangu, mwaka jana alikuja mwingine akauliza hayahaya na hakurudi," anamfundisha kitu ambacho hakikuwa kwenye mtaala wake. Serikali ya kijiji nayo inaweza kudai mkutano wa mrejesho kabla ripoti haijapelekwa kwa mfadhili.

Pili, wakulima waseme kweli hata pale ukweli unapoonekana kuwafukuza wafadhili. Anayesema alivuna magunia 10 wakati ni 7 ili mradi usiondoke, anawasaidia wengine waletewe kitu kisichofaa.

Tatu, mbinu yenyewe inaweza kuazimwa. Wauza nyanya saba sokoni, wafugaji wa kuku wa mtaa mmoja au viongozi wa vyama vya ushirika wa mazao vya jirani wanaweza kukaa mara moja kwa mwezi, mmoja akaleta daftari lake na kusema: hapa sielewi fedha inapotelea wapi. Wenzake wakamuuliza. Umelinganisha na nini? Je, mauzo yamepanda kwa sababu ya bango jipya, au ni kwa sababu ni mwezi wa sikukuu na kila mtu ameuza?

Mfanyabiashara anayejiuliza hivyo hawezi kukopa tena kwa ajili ya bango la pili kabla hajatazama mauzo ya meza ya jirani.

Mkono mmoja haulei mwana, na taaluma nayo ni mwana anayehitaji kulelewa. Vijana wanaopita vijijini na madodoso leo ndio watakaoandika, miaka kumi ijayo, ripoti za kuamua ni mbegu ipi, mfereji upi na mkopo upi upelekwe wapi. Mkulima atakayeletewa mkopo huo ana kila sababu ya kutaka wawe wamezoea, tangu sasa, kuulizwa na wenzao lile swali fupi kuhusu mavuno ya jirani.